Ukikuta pete mguuni mwa ndege, isome kabla ya kuitupa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo linalowahusu watu wa Mbarali, Makete, Mbozi na Iringa vijijini kuliko wengi wanavyodhani. Mvua zikianza, kati ya Novemba na Desemba, korongo weupe hushuka kwa makundi kwenye mbuga na mashamba ya Usangu, na wengine hupanda hadi Kitulo. Ndani ya makundi hayo wamo wachache wenye pete mguuni. Akikamatwa mmoja, au akiokotwa amekufa chini ya nyaya za umeme, maneno huwa ni yale yale: ndege katumwa, ndege wa mganga, ndege ana kifaa cha upelelezi. Pete inakatwa, mtoto anachezea wiki moja, kisha inaishia jalalani. Habari iliyosubiriwa kwa miaka inapotelea hapo.

Pete ile, ambayo watafiti huiweka ili wajue ndege husafiri wapi, ni nusu ya kazi tu. Nusu ya kwanza ilifanyika Ulaya, kinda akiwa bado kiotani. Nusu ya pili ni yetu huku, na asipokuwepo mtu wa kuisoma, ile ya kwanza ni bure. Nitaeleza kwanza jinsi makinda wanavyovishwa pete, maana mtu akijua kazi iliyoingia pale hataitupa, kisha nieleze la kufanya ukiikuta.

Hofu yenyewe si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, korongo aliyebeba kifaa cha kufuatilia safari yake alipelekwa polisi akishukiwa ni mpelelezi. Kilikuwa kifaa cha watafiti wa ndege.

Zamani wasomi wa Ulaya walibishana ndege wao huenda wapi wakati wa baridi, na wapo walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maziwa. Jibu kuhusu korongo lilitoka Afrika. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika shingoni, wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Alichomwa huku, akaruka nao hadi kwao. Mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Kuvisha pete kwa utaratibu kulianza mwaka 1899, pale mwalimu wa shule wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, alipowavisha kwezi 165 wa mji wa Viborg pete za alumini zenye namba na anwani. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu zinki, akaona ni nzito mno kwa ndege, akaacha. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini, na kilichowafikishia Waingereza habari hiyo ni barua iliyoandikwa na mtu wa huko huko Natal. Bila barua ile, pete ingebaki kipande cha bati.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Juni, wakati sisi tunajikunja kwa baridi ya Makete na Njombe, Ulaya ni majira ya joto na viota vimejaa. Hapo ndipo makinda huvishwa pete. Kwa nini makinda, na si wakubwa tu? Kwa sababu ndege mkubwa unayemnasa leo hujui alizaliwa wapi wala ana umri gani. Kinda unajua kiota chake, unajua ndugu zake wangapi, na umri wake unaujua karibu kwa siku. Akionekana Usangu miaka 10 baadaye, hesabu yote inakaa sawa. Korongo mweupe anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, kwa hiyo pete moja inaweza kutoa habari kwa muda mrefu kuliko umri wa mtu aliyeisoma.

Korongo hujenga juu ya nguzo, mabomba ya moshi, mapaa na minara ya makanisa, hivyo mvisha pete hupanda kwa ngazi ndefu au kwa gari la kuinulia watu, mara nyingi la zimamoto. Wakati mzuri ni kinda akiwa na wiki nne hadi sita. Makinda wa umri huo wakiona mtu hujilaza kiotani na kulegea kabisa kama waliokufa, na hapo mtu anafanya kazi bila purukushani. Wakipita wiki saba mambo hubadilika. Wana mabawa marefu, wanasimama, na wanaweza kuruka kutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka vizuri. Kinda wa hivyo anaanguka kutoka juu ya paa, kwa hiyo mvisha pete mwenye busara akikuta wamechelewa hushuka na kuwaacha.

Pete ya korongo siku hizi mara nyingi ni ya plastiki nyeusi yenye herufi na tarakimu nyeupe kubwa, inayosomeka kwa darubini kutoka mbali bila kumgusa ndege. Huwekwa juu ya kile kiungo kinachoonekana kama goti lililopinda kinyume. Sababu yake ni hii: jua likiwa kali, korongo hujinyea miguuni ili ule unyevu ukikauka upoze damu. Ndiyo maana miguu yao myekundu huonekana imepakwa chokaa wakiwa kwetu. Pete ikiwekwa chini ya kiungo, kinyesi huganda ndani yake, kinakuwa kigumu, na mguu unaumia. Wavisha pete wa Ulaya wasingeliona hilo kwao kwenye ubaridi. Tatizo lilijionyesha kwenye nchi za joto.

Akiwa kule juu, mvisha pete huondoa pia kamba za nailoni. Korongo hupenda kuokota kamba za kufungia majani ya mifugo na kuzitandika kiotani, na makinda hunasa miguu. Kamba ikikaza mguu unaokua, mguu unakatika. Kwetu nako kamba za plastiki na vipande vya nyavu za samaki vimejaa kingo za Ruaha Mkuu, na ndege wetu huviokota vilevile.

Ndege wadogo wana ugumu wao, na hapa ndipo kosa dogo linaua. Nichukue mbayuwayu wa kawaida, huyu tunayemwona amejipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia Septemba. Uzito wake hauzidi gramu 20 sana. Hutaga mayai manne au matano, huatamia kama wiki mbili, na makinda hutoka kiotani wakiwa na wiki tatu hivi. Muda wa kuvisha pete ni kuanzia siku ya 6 hadi ya 10 tangu kuanguliwa. Dalili ni manyoya ya bawa: yawe bado kwenye ala, kama sindano za kijivu, au ncha ndiyo kwanza zinapasua ala. Macho yamefunguka. Mguu umeshafikia unene wa ndege mkubwa, ndiyo maana pete ya mkubwa inamfaa kinda bila kumbana baadaye.

Ukimvisha mapema mno, mambo mawili huharibika. La kwanza, vidole bado laini vinajikunja pamoja, pete inateleza hadi kwenye nyayo na kufunga kidole cha nyuma. La pili watu wengi hawalijui. Makinda wa ndege wadogo hutoa kinyesi kikiwa ndani ya kifuko cheupe, na mzazi hukichukua kwa mdomo na kwenda kukitupa mbali ili kiota kisinuke. Mzazi akiona kitu kinang'aa kiotani hukichukulia kuwa ni kifuko, anakivuta. Kama pete iko kwenye mguu wa kinda mdogo asiye na uzito, anatolewa pamoja nayo na kutupwa nje. Kinda wa siku saba ni mzito na pete yake imefichwa na mwili na manyoya yanayochomoza, hivyo hatari hiyo inapungua.

Ukichelewa ukapita siku ya 12, usiguse. Makinda wakubwa wakishtuka huruka wote kwa mpigo, na ukiwarudisha hawakai. Wakitoka siku tano kabla ya wakati wao wanakuwa chakula cha paka na kunguru. Ikitokea wametawanyika, wakusanywe wote, warudishwe pamoja, wafunikwe kwa kiganja au kitambaa chepesi kwa dakika moja au mbili mpaka watulie gizani, kisha mkono uondolewe taratibu. Kwa kiota cha ndani ya shimo, tundu huzibwa kwa kitambaa laini kwa muda huohuo, na aliyeziba ndiye mwenye wajibu wa kuzibua. Kitambaa kikisahaulika, kiota chote kimekufa.

Utaratibu wa kiotani hauna mbwembwe. Kwanza unatazama kutoka mbali kama mzazi anaingia na chakula, maana hapo unajua makinda wapo na umri wao unaweza kuukadiria. Hakuna kazi mvua ikinyesha au ikitishia, wala asubuhi mno kukiwa na ubaridi, wala jioni giza likikaribia, kwa sababu kinda asiye na manyoya hawezi kujipasha mwenyewe na mzazi akizuiwa kurudi anapoteza joto na mlo wa mwisho wa siku. Jua la utosini nalo ni baya. Makinda hutolewa wote kwa pamoja, wakahesabiwa, wakawekwa kwenye mfuko safi wa pamba ili wabaki na joto lao. Mishono ya mfuko huo huwa upande wa nje. Nyuzi zikiwa ndani zinazonga kucha. Wanavishwa mmoja mmoja, wanahesabiwa tena wakirudi. Dakika chache zinatosha. Mwenye kukaa robo saa kwenye kiota kimoja hajui kazi.

Namna ya kumshika ina maana yake. Ndege hana misuli ya kiwambo kama sisi. Hupumua kwa kuinua na kushusha kifua. Ukimfumbata kifuani, hata kwa upole, unamziba pumzi, na atakufa mkononi mwako bila hata kupiga kelele. Hushikwa mgongo ukiwa kwenye kiganja, shingo kati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole vingine vikimzunguka kama tundu bila kubana. Mguu mmoja unatolewa na kushikwa kwa kidole gumba na cha pete.

Pete za ndege wadogo ni za alumini au aloi yake, kipenyo cha ndani milimita mbili na kidogo, na huja wazi zikiwa zimetungwa kwenye waya kwa mfuatano wa namba. Koleo lake ni maalumu, lina matundu yaliyochongwa kwa vipimo vya pete. Pete inakaa kwenye tundu huku mwanya ukielekea mdomo wa koleo, mguu unaingizwa, unabana taratibu hadi ncha zikaribie kugusana, kisha unazungusha koleo robo mzunguko na kubana tena ili ncha zikutane sawasawa. Baada ya hapo unaitazama dhidi ya mwanga. Ukiona mwanya, hata wa unene wa unywele, bado kazi haijaisha: nyuzi za nyasi na nywele za farasi zilizo kiotani zitaingia na kumnasa. Ncha zikipandana ni vibaya zaidi, kwa sababu upande mmoja unakwaruza mguu hadi kidonda. Pete nzuri inazunguka na kupanda na kushuka kwa uhuru, ila haipiti juu ya kiungo wala haishuki vidoleni. Koleo la kawaida la fundi umeme halifai kabisa. Linaifanya pete kuwa yai, na pete yenye umbo la yai inabana pande mbili.

Bundi mweupe, anayetaga kwenye magofu, darini na kwenye mashimo ya miti, ana jambo lake. Jike huanza kuatamia tangu yai la kwanza, hivyo makinda wa kiota kimoja wanatofautiana siku nyingi. Unaweza kukuta mkubwa ana manyoya kamili na mdogo yuko na malaika tu. Hao huvishwa wale waliofikia kipimo, wadogo wakaachwa kwa safari nyingine. Kwa kozi na vipanga kuna mtego mwingine: majike ni wakubwa kuliko madume, na mguu wa jike ni mnene zaidi, kwa hiyo mvisha pete hupima kwanza ndipo achague saizi.

Daftari nalo linaua kazi kama koleo lilivyo. Mtu mmoja anasoma namba, mwingine anaandika kisha anairudia kwa sauti. 3 na 8 hufanana, 1 na 7 pia, na namba moja ikikosewa ndege wa kiota kimoja atasomeka kama wa kiota kingine.

Watu huniuliza kama mzazi hamkatai kinda aliyeguswa na binadamu. Ndege wengi hawamtambui kinda kwa harufu ya mkono. Wakikata tamaa ni kwa sababu ya kusumbuliwa muda mrefu au kuvurugiwa kiota. Hatari kubwa ni njia unayoiacha. Nyasi zilizolazwa hadi mlangoni mwa kiota ni ramani kwa kicheche, nyoka na kunguru. Mvisha pete hupita kando, hasimami wala kugeuka pale pale, na hakati matawi yanayoficha kiota.

Makinda waliokwisha kuruka hunaswa kwa nyavu nyeusi nyembamba zilizosimikwa kati ya milingoti miwili, nyingi za urefu wa mita 12 na mifuko minne au mitano kwenda chini, na hutembelewa kila baada ya dakika 20 hadi 30. Upepo au mvua ikianza, zinafungwa. Ndege hutolewa kupitia upande ule ule alioingilia, aghalabu miguu kwanza, na mtu asiyefunzwa akishika mkasi au kuvuta anavunja bawa. Kinda wa mwaka huo utamtambua kwa kona za mdomo zenye njano na manyoya mepesi yasiyokaa sawa.

Nimeandika haya kwa kina, lakini nisieleweke kwamba nawaalika vijana wakavue makinda. Kuna wanaotumia ulimbo, kuna wanaotoa makinda viotani kuwafuga, na siku hizi wapo wanaofunga ndege vipande vya waya au mpira ili waone kama atarudi. Waya unakata mguu, na mpira ukipigwa na jua unakauka na kukaza. Wenye kazi hii hufundishwa kwa muda mrefu chini ya jicho la mwalimu kabla ya kuruhusiwa kushika koleo peke yao. Kwetu, kunasa ndege pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na utafiti hupita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kijana mwenye hamu ya kweli na aanze na darubini na daftari. Kusoma pete za korongo kwa mbali hakuhitaji kumgusa ndege, na ni msaada mkubwa kuliko anavyofikiri.

Kwa nini mkubwa? Kwa sababu kwa ndege wadogo, wanaopatikana tena na kutolewa taarifa hawafiki hata mmoja kwa kila mia waliovishwa, na wengi hufa kabla ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo kila taarifa inayotoka Afrika ni dhahabu. Korongo wanaofika kwetu ni wa njia ya mashariki: wanatoka Poland, mashariki mwa Ujerumani, nchi za Baltiki, Belarusi na Ukraine, wanazunguka bahari kupitia Bosporus na Sinai, wanafuata Nile, kisha wanashuka Afrika Mashariki na wengine hadi Kusini. Hawavuki Mediterania moja kwa moja kwa sababu wanasafiri kwa kupandishwa na hewa ya moto, na juu ya bahari hewa hiyo haipo. Katika miaka ya 1930 Ernst Schüz, mtafiti wa ndege wa Ujerumani, alichukua makinda wa mashariki akawaachia magharibi mwa Ujerumani baada ya korongo wa huko kuondoka. Bila mkubwa wa kuwaongoza, wakaelekea kusini-mashariki kama wazazi wao. Hilo lilijulikana kwa pete na kwa watu waliosoma pete njiani.

Na faida ni yetu pia. Korongo hula nzige na viwavijeshi, wale wanaomaliza mahindi na mpunga wetu mvua zikianza. Tukijua wapi wanakufa, tutajua nguzo zipi za umeme zinawaua na dawa zipi zinawamaliza.

Kuna ndege wetu wenyewe wanaohitaji mtu upande wa pili. Mbayuwayu buluu, aliye katika hatari ya kutoweka, huzaa kwenye nyasi za juu za Kitulo, Njombe na Mufindi wakati wa mvua zetu, akibandika kiota cha udongo na nyasi ndani ya mashimo, yakiwamo yaliyochimbwa na mhanga. Baada ya Aprili huondoka kwenda nyasi za ukanda wa Ziwa Victoria, Uganda na Kenya. Nyasi zake huku zinapungua kwa kulimwa na kupandwa misonobari. Kinda wa Kitulo akivishwa pete, msomaji wake atakuwa mkulima wa Uganda. Atakayefanya kazi hiyo ajue kwamba majira ya makinda wetu ndiyo majira ya mvua na ukungu, na Kitulo mvua hupenda kushuka mchana. Muda salama ni kuanzia saa tatu asubuhi jua likishapasha nyasi, hadi kabla ya wingu kujenga. Shimo la mhanga lina kuta dhaifu, mtu asisimame ukingoni, udongo ukimeguka unafukia kiota.

Sasa la kufanya ukikuta pete.

Ndege aliyekwisha kukamatwa akiwa hai na mzima, usiitoe. Mshike kwa kumfunika kitambaa kichwani ili atulie, jihadhari na mdomo wa korongo maana hulenga macho, piga picha pete kwa kuizungusha mpaka namba yote ionekane, kisha mwachie mahali pa wazi. Kama umemwona kwa darubini tu, andika rangi ya pete, rangi ya maandishi, mguu wa kulia au wa kushoto, juu au chini ya kiungo, na herufi zote kwa mpangilio wake.

Ndege akiwa amekufa, itoe pete, inyooshe, ibandike kwenye karatasi kwa gundi ya utepe. Namba ikiwa imelika, weka karatasi nyepesi juu na usugue kwa penseli, tarakimu zitajitokeza. Usiisugue kwa mchanga wala msasa. Ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja, usishike kwa mikono mitupu, waite wataalamu wa mifugo. Na pale Usangu ambako kweleakwelea hupuliziwa sumu, nyingi ikiwa fenthioni, ndege walioanguka wasiliwe, wawe na pete au wasiwe nayo.

Andika namba yote na maneno yaliyopo juu ya pete. Utakuta kitu kama Radolfzell, Helgoland, Hiddensee, Gdansk, Moskva au London, ambayo ni majina ya vituo au ya miji ya anwani zake, au Safring kwa zile za Afrika Kusini. Andika tarehe, kijiji, kata na wilaya, na kama simu yako inatoa nukta za ramani, ziongeze. Andika aina ya ndege kwa jina lolote unalolijua, hata la Kisafwa, Kikinga au Kihehe, pamoja na picha. Andika amekufaje: umeme, gari, sumu, mtego, au haijulikani. Usifiche kama ni mtego. Kituo kinahitaji chanzo halisi cha kifo, na taarifa ya uongo ni mbaya kuliko kukaa kimya. Pete isiyo na mwanya wala mshono wowote ni ya ndege wa kufugwa, hasa njiwa, huvishwa akiwa na wiki moja hivi; hiyo ina mwenyewe, si ya utafiti wa ndege pori.

Taarifa hutumwa bila malipo kupitia tovuti ya euring.org, ya umoja wa vituo vya Ulaya ulioanza mwaka 1963. Aliyetuma naye hutumiwa majibu yanayoeleza ndege alivishwa wapi na lini. Asiye na intaneti apeleke karatasi yake kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au ofisi za Hifadhi ya Kitulo pale Matamba kwa walio karibu.

Ndugu Mhariri, ninaomba mambo mawili. Gazeti lako lichapishe kisanduku kifupi cha maelekezo haya kila Novemba, wakati korongo wanaingia. Na maafisa wanyamapori wa wilaya zetu wahakikishe kila ofisi ya kijiji ina karatasi moja ukutani yenye maelezo hayo, kwa sababu mtendaji wa kijiji ndiye wa kwanza kupelekewa kitu cha ajabu. Kumbukeni jinsi kware wa Udzungwa, pale Iringa, alivyojulikana kwa wataalamu mwaka 1991: watafiti waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya wenyeji. Wenyeji walikuwa wakimjua na kumla siku zote. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Walio na pete za zamani kwenye makopo na droo nao wazitume. Namba haiozi, na vituo hutunza kumbukumbu za miaka mingi nyuma. Kama tarehe halisi imesahaulika, andika mwaka na mwezi unaoukumbuka, na ueleze kwamba unakadiria.

Mpenzi wa ndege,
Uyole, Mbeya